Olduvai kabla na baada ya mzee wa nyundo

Kwa sisi tuliosoma shule za msingi za Tanzania, Olduvai ilikuwa jibu la mtihani. Fuvu la Zinjanthropus liligunduliwa wapi, na nani, mwaka gani? Olduvai, Dk. Leakey, 1959. Unawekewa vema, unaendelea na swali lingine. (Hata jibu lenyewe lina walakini: aliyeliona fuvu lile tarehe 17 Julai ni Mary Leakey. Mumewe Louis alikuwa kambini, kalala na homa.) Korongo lenyewe halikuulizwa. Kwangu lilibaki sanduku tu la kutunzia fuvu, mpaka nilipofuatana na mzee mmoja mjiolojia, mstaafu wa chuo kikuu, ambaye habari za mafuvu hazikumshughulisha sana.

Tulipanda ndege ndogo Arusha kwenda Ndutu. Tulipokwisha kuvuka nyanda za juu za Ngorongoro, mzee alimwomba rubani alaze ndege upande wetu.

"Usitazame korongo kwanza, kijana," alinipigia kelele kushinda injini. "Tazama linakoishia."

Chini ya milima palikuwa na Olbalbal, bonde pana lililodidimia. Ukishaliona hilo, mengine yanajieleza. Ardhi ya upande ule ilishuka kwenye mipasuko inayoambatana na Bonde la Ufa. Maji ya msimu yatokayo magharibi, upande wa Ndutu, yakapata mteremko, yakaanza kuchimba. Korongo kuu na tawi lake yanakutana kama herufi Y. Lina urefu wa karibu kilomita 50, na kina chake kinafika mita 90 hivi. Siku zote nilikuwa nikisikia kwamba ardhi hapa ilipasuka ghafla. Kumbe ni kazi ya kijito, tena ambacho miezi mingi hakina hata maji ya kunawa uso.

Kwa miguu ilikuwa habari nyingine. Mzee hakuwa na haraka, na jua la pale halina huruma. Chini kabisa tulikanyaga lava nyeusi ya takriban miaka milioni 2. Juu yake kuna Tabaka la I na la II: majivu ya volkeno za nyanda za Ngorongoro, hasa Olmoti, pamoja na udongo wa ziwa la magadi lililokuwa pale. Kisha la III, jekundu hasa, halafu la IV, lenye rangi ya kijivu na kahawia.

Aliokota kipande cha majivu yaliyoganda, akakilamba, akanipa lensi. Palipolowa, vichembe vidogo vilimetameta. Vichembe kama hivyo vina potasiamu inayogeuka kuwa agoni kwa kasi isiyobadilika, na kwa kuipima agoni hiyo, mwaka 1961, ilibainika kwamba Zinj ana miaka milioni 1.75. Louis Leakey alikuwa amekadiria laki sita hivi. Miaka miwili tu tangu aokotwe, Zinj akazeeka karibu mara tatu.

Nilichokipenda zaidi, lakini, ni gumegume. Lilijiunda katika matope ya ziwa lile la magadi, likawa chini ya maji. Ziwa liliporudi nyuma kwa muda, likajitokeza, na watu wa wakati huo wakalikimbilia kuchonga zana, maana linakata vizuri kuliko mawe ya kilima cha Naibor Soit waliyoyazoea. Maji yakarudi, yakalifunika, wakarejea mawe yao ya zamani. Niliposikia hivyo ndipo ziwa lilipoanza kuwa kitu halisi kwangu: lina kingo, linajaa, linapwa, na watu wanapanga maisha yao kwa kulitazama.

Kuhusu Hans Reck mzee alikuwa na mengi ya kusema. Mjiolojia huyo Mjerumani alifukua mifupa ya mtu katika Tabaka la II mwaka 1913, akaamini ina umri wa tabaka lenyewe. Ubishi ulidumu hadi miaka ya 1930, pale udongo ulioizunguka mifupa ulipochunguzwa na kukutwa na chembe nyekundu za Tabaka la III. Tabaka la juu limefikaje chini, kama si kwa jembe? Lilikuwa kaburi, limechimbwa zama za baadaye sana, ukuta wa kale ukapewa maiti mpya.

Basi ikawa ndiyo kazi yetu mchana ule, kusaka mahali ambapo rangi ya juu imeingia chini. Nililiona doa moja jekundu, kubwa kiasi cha kiganja, katikati ya ukuta wa kijivu. Nikasema shimo. Yeye akasema mzizi wa mti ulioozea humo, udongo ukajaa nafasi yake. Dereva aliyetuleta korongoni kutoka Ndutu alipopiga honi kwa mara ya pili tulikuwa bado tumechuchumaa, yeye akikwangua kwa ncha ya nyundo, mimi nikimwambia, "Mzee, mzizi gani una pembe?"