Chuo kidogo cha mabinti

Wiki hii tunafika South Hadley, mji mdogo wa Massachusetts, Marekani. Mwaka 1837 Mary Lyon alifungua hapo shule ya wanawake, ambayo leo ni chuo cha Mount Holyoke, chenye wanafunzi kama 2,200.

Siku moja mwanzoni mwa mwaka wa masomo, kengele zinalia asubuhi bila kutangazwa: hakuna darasa, wote wapande mlimani! Wanaomaliza huvaa nguo nyeupe, wakabeba shada refu la majani hadi kaburi la Mary Lyon.

Binti mmoja atapata dada wengi hapo. Mwingine atachoshwa na ukimya. Basi, wamama, tusitazame sifa ya chuo tu. Tumuulize binti mwenyewe: miaka 4 hapo utaiweza?