Kilima cha Msalaba katika Mji wa Montreal

Huko Kanada, katika mji wa Montreal, kuna kilima kiitwacho Mont Royal, kimo chake mita 233. Tangu mwaka 1876 ni bustani ya watu wote. Aliyeipanga ni Bwana Frederick Law Olmsted wa Marekani.

Mwezi wa Desemba 1642 mto ulifurika ukatishia kuimeza ngome yao. Bwana Maisonneuve, mkuu wao, akaweka nadhiri: maji yakirudi, ataupandisha msalaba mlimani. Yakarudi, naye tarehe 6 Januari 1643 akaubeba begani. Msalaba uliopo sasa ni wa chuma, ulisimamishwa mwaka 1924, nao huwaka taa usiku.

Januari! Sisi tulipanda mwezi huo mikono mitupu, nasi tulipumzika mara tatu. Theluji ilifika magotini, na miti ilikuwa mitupu kama kuni. Mtoto wetu akauliza, "Baba, nani aliyeiua?" Tukamwambia i hai, hakusadiki, maana kwetu mti wa namna ile hupigwa shoka. Watoto wa mji walikuwa wakiteleza mtelemkoni kwa vicheko.

Mwezi wa Mei tulimrudisha. Akashika tawi, akayahesabu machipukizi kimya kimya, asituulize neno.

Wakati wa joto wenyeji hujilaza kivulini. Lakini sisi twapenda Oktoba zaidi, ambapo miti ile ambayo utomvu wake hupikwa sukari huwa myekundu kama makaa. Siku chache tu, kisha upepo huyaangusha majani yote.