Kujiandaa, Kupasuliwa, Kupona

Ndugu msomaji, wewe unayejifunza Kiswahili, leo nakuletea vitenzi vitatu: kujiandaa, kupasuliwa na kupona. Darasani tungevichambua kwa chaki, tukavifuta, tukaendelea na somo jingine. Mimi nimevipitia kwa mwili wangu, na naomba unisikilize hadi mwisho, kwa maana kipo kitenzi cha nne ambacho sikukijua thamani yake mpaka nilipokihitaji.

Ninafundisha katika shule ya sekondari huku Kiriri, mtaa ulio mlimani juu ya jiji la Bujumbura. Ukisimama katika uwanja wetu unaliona jiji lote, Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya ziwa milima ya Kongo. Mandhari hayo huonwa na aliyepanda. Kwa miaka mingi mimi nilipandishwa kwa teksi au kwa gari la mwalimu mwenzangu. Mwaka 2023, mafuta ya gari yalipoadimika jijini, wakubwa kwa wadogo tulianza kupanda kwa miguu, na hapo siri yangu ikafichuka. Kwenye kona ya pili ya barabara, binti yangu, aliyekuwa na miaka saba, alinishika mkono akasema, "Mama, kaa kwanza. Nitakungoja." Nilikaa juu ya jiwe, nikihema. Wanafunzi wangu walinipita, wakanisalimu kwa adabu, kisha wakatazama pembeni.

Wakati huo nilikuwa na kilo 128, na urefu wangu ni mita 1.66. Chukua uzito kwa kilo, uugawe kwa urefu uliozidishwa kwa urefu huohuo, nawe utapata uwiano wa takriban 46. Shirika la Afya Duniani huhesabu unene wa kupindukia kwa watu wazima kuanzia 30. Sikuwa peke yangu: kwa takwimu za shirika hilo za mwaka 2022, mtu 1 kati ya 8 duniani aliishi na hali hiyo. Lakini takwimu hazimfariji mtu aliyekaa juu ya jiwe. Nilikuwa tayari na kisukari na shinikizo la damu. Baba yangu alikuwa na kisukari pia. Alikatwa mguu, na hakuishi miaka miwili baada ya hapo. Nilipomtazama binti yangu akiningoja, nilijua anachokingoja.

Kwa nini nilikuwa nimenyamaza muda wote huo? Kwa sababu ya maneno. Katika mitaa yetu mtu akinenepa husifiwa kwamba amenawiri, kwamba nyumbani kwake kuna neema. Akizidi hapo, sifa hugeuka kicheko, naye huitwa bonge. Siku moja kondakta wa basi alinidai nauli ya watu wawili, abiria wakacheka, nami nikalipa ili wanyamaze. Sifa ilinizuia kuona hatari, na kicheko kikanizuia kuomba msaada. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Naongeza kwamba mara nyingi mgonjwa huyaficha maradhi kwa kuwaogopa watu wanaomzunguka.

Sasa tuje kwenye kitenzi cha kwanza. Katika kujiandaa mna kiambishi -ji-, kinachoonyesha kwamba tendo linamrudia mtendaji mwenyewe. Daktari wangu wa hapa Bujumbura hakukimbilia kisu. Alinieleza kwanza kuhusu lishe, mazoezi na dawa, nami nilikuwa nimejaribu kwa miaka, nikipungua na kurudi palepale. Alinieleza pia kwamba zipo njia zisizo za upasuaji, kama puto maalumu linaloingizwa tumboni kwa muda kisha kutolewa, huduma ambayo Watanzania wamekuwa wakiipata Mloganzila, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Kuhusu upasuaji, alisema miongozo ya kimataifa iliyotolewa mwaka 2022 huupendekeza kwa mwenye uwiano wa 35 na kuendelea, na huruhusu ufikiriwe kuanzia 30 kwa mwenye maradhi kama kisukari. Nilishangaa kusikia kwamba si jambo la jana: daktari Edward Mason wa Iowa, Marekani, alianza kupasua kwa lengo hilo mwaka 1966.

Maandalizi yangu yalichukua miezi saba. Nilipimwa moyo, damu, ini na usingizi. Nilikutana na mtaalamu wa saikolojia, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Huwa unakula wakati gani?" Nikajibu asubuhi, mchana na jioni. Akauliza tena kwa upole, "Na ukihuzunika?" Sikujibu siku hiyo. Niliambiwa pia nisishike mimba kwa mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu baada ya upasuaji, kwa kuwa mwili unaopungua kwa kasi hauwezi kumlisha mtoto ipasavyo. Fedha zilipatikana kwa kuuza kiwanja, kwa mkopo, na kwa kaka yangu aishiye Ubelgiji, aliyelipa zaidi ya nusu. Nakwambia haya ili usidhani kwamba mshahara wa mwalimu unatosha. Wengi wanaohitaji tiba hii hawana kiwanja wala kaka.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kumwambia mama. Mama yangu anaishi Buyenzi, na jikoni kwake hakuna mgeni aliyewahi kutoka na njaa. Alinisikiliza, akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, tumbo lina kosa gani hata likatwe?" Sikuwa na jibu. Nilimkumbusha mguu wa baba. Akainuka akaenda kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Mwaka 2024 nilisafiri hadi Dar es Salaam, nikafikia kwa shangazi yangu. Kwa wiki mbili kabla ya upasuaji nilipunguza sana wanga, sukari na mafuta. Sababu yake ni nzuri kuijua: ini limelalia mfuko wa chakula, na kwa mtu mnene huwa limejaa mafuta. Likisinyaa kidogo, daktari hupata nafasi ya kufanya kazi kwa usalama.

Kitenzi cha pili, kupasuliwa, kiko katika kauli ya kutendwa. Ile -w- ndogo inakwambia kwamba hapo hutendi, unatendewa. Kwa sababu hiyohiyo nataka uikumbuke karatasi moja, nayo ni fomu ya ridhaa. Maisha yangu yote nilikuwa nimeelezwa magonjwa yangu kwa Kifaransa, nikiitikia kwa kichwa hata pale nilipopotea. Katika hospitali ile ya Dar es Salaam, kwa mara ya kwanza, daktari aliueleza mwili wangu kwa Kiswahili. Alisema ataondoa takriban asilimia 80 ya mfuko wa chakula, abakize sehemu nyembamba yenye umbo la ndizi. Alisema sehemu inayoondolewa ndiyo hutoa kwa wingi homoni ya njaa iitwayo ghrelini. Alisema mshono unaweza kuvuja, damu inaweza kutoka au kuganda, kifo hutokea kwa nadra lakini hutokea, na kilichokatwa hakirudishwi. Kisha akauliza, "Umeelewa? Una swali?" Nilikuwa na maswali kumi na moja. Aliyajibu yote. Ewe mwanafunzi, kuuliza, kuelezwa kwa lugha unayoielewa, na hata kukataa, ni haki za mgonjwa. Nilitia saini nikijua ninachokitilia saini.

Nilichomwa sindano ya nusu kaputi asubuhi. Nilipozinduka nilikuwa na matundu madogo matano tumboni na kiu kama ya mtu aliyevuka jangwa. Jioni hiyohiyo muuguzi alinisimamisha nitembee, ili damu isigande miguuni. Nilitembea hatua ishirini nikiegemea ukuta.

Kitenzi cha tatu ni kupona, nacho kina jambo la kukutafakarisha. Daktari huponya, mgonjwa hupona. Kuponya kuna mwisho wake, kwani daktari hushona, huvua glavu na kumwendea mgonjwa mwingine. Kupona hakufanywi na mtu kwa niaba yako. Siku za kwanza nilikunywa maji kwa kijiko. Wiki mbili zilikuwa za vinywaji na supu iliyochujwa, wiki mbili zilizofuata za vyakula vilivyopondwa, kisha vyakula laini, na baada ya wiki ya sita nikaanza taratibu vyakula vya kawaida. Protini hutangulia: samaki, mayai, maharagwe. Maji hayanywewi pamoja na chakula, husubiri nusu saa. Kila tonge hutafunwa mpaka lipoteze umbo. Na kila siku, maisha yangu yote, nitameza vitamini na madini, hasa B12, chuma, kalsiamu na vitamini D, pamoja na kupimwa damu.

Nilikosea mara moja, na kosa lilikuwa langu. Wiki ya nne nilikuwa nimerudi nyumbani. Mama alipika ugali na ndagala, harufu ikajaa nyumba, nami nikajiambia matonge mawili hayaui. Maumivu yalinikunja. Nilitapika mpaka nikaogopa kwamba mshono umeachia. Muuguzi wangu alinielekeza kwa simu, nikapelekwa kupimwa, na ikaonekana mshono uko salama. Usiku ule mama alilia, nami nikalia. Asubuhi nilimkuta jikoni akiuponda mukeke kwa uma, akitoa miba mmoja mmoja, akisaga nyama ya samaki mpaka ikawa laini kama uji. Hakusema neno. Tangu siku hiyo alikuwa mlinzi wa sahani yangu.

Mwezi wa nne nywele zangu zilinyonyoka, jambo ambalo nilikuwa nimeonywa, nikafunga kilemba na kuingia darasani. Zilirudi baadaye. Lililonilemea zaidi ni jibu la lile swali la mtaalamu. Nilikuwa nikila nikihuzunika. Sasa huzuni ilikuja kama kawaida yake, na mahali pake pa kukaa palikuwa padogo. Upasuaji ulikuwa umepunguza mfuko wa chakula, huzuni ukaiacha kama ilivyokuwa. Ilinibidi nijifunze kuizungumza badala ya kuimeza, na bado najifunza.

Ndipo nilipokutana na kitenzi cha nne. Katika arusi moja Buyenzi niliwekewa sinia la pilau. Nilikula vijiko vitano nikasimama. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Kumbe siku hizi unatudharau?" Watu wakageuka. Kabla sijafungua kinywa, mama yangu alisema, "Amekula. Ameshiba." Akalivuta sinia upande wake, mazungumzo yakaendelea. Kitenzi hicho ni kusaidiana, nacho kina -an- ya kutendeana. Mama huyo ndiye aliyeniuliza tumbo lina kosa gani.

Leo nina kilo 84. Daktari wangu amenipunguzia dawa za kisukari, hakuziondoa zote, nami sijioni kuwa nimemaliza. Watu hunisifu. Mwenzangu mmoja aliniambia kwa furaha ya kweli, "Sasa umekuwa mtu." Nilimshukuru, kisha njia nzima nikajiuliza: yule mwanamke aliyekaa juu ya jiwe alikuwa nani? Katiba ya Burundi ya mwaka 2018 inaagiza heshima ya binadamu ilindwe. Haitaji kilo. Mwanamke yule alistahili kiti kimoja kwa nauli moja, na alistahili kuulizwa hali bila kuchekwa. Kama angeulizwa mapema, huenda angeenda hospitali miaka kumi kabla, wakati ambapo lishe na dawa pengine zingetosha.

Simwambii mtu yeyote akapasuliwe. Hilo ni la mgonjwa na daktari wake. Ninachokuomba ni kidogo na kiko ndani ya uwezo wako wa leo. Usimsifu mtu kwa unene wala usimcheke kwa unene. Usimlazimishe aliyeshiba. Ukimwona mtu amekaa kwenye kona ya mlima akihema, usitazame pembeni, mngoje.

Binti yangu bado ananingoja kwenye kona ya pili, kwa mazoea tu, maana siku hizi mara nyingine mimi ndiye ninayefika kwanza. Tunasimama, tunalitazama ziwa, tunaendelea kupanda.

Na sasa zamu yako. Andika aya moja ukitumia vitenzi vyote vinne: kujiandaa, kupasuliwa, kupona, kusaidiana. Mtaje mtu unayemjua, bila kumtaja jina. Kisha isome kwa sauti, ukijiuliza kama mtu huyo angeweza kuisikiliza bila kuinamisha kichwa.