Mikono Nayo Huchoka



Kazi yangu ni kuzungukia madarasa ya kisomo cha watu wazima katika vijiji vya Masasi na Newala. Leo nataka kukueleza kosa nililolifanya katika darasa moja, huko juu Newala. Kosa hilo lilinifundisha jambo kuhusu mikono yetu.

Darasa lilikuwa chini ya mwembe. Wanakisomo walikuwa 22, wengi wao akina mama. Mmoja wao alikuwa mwepesi sana wa kusoma. Lakini mwandiko wake ulizidi kuharibika. Mwanzoni aliandika jina lake vizuri. Baada ya miezi mitatu herufi zake zilikuwa zikitambaa nje ya mstari. Penseli ilimponyoka mara kwa mara.

Siku moja penseli ilimwanguka mara tatu. Nikamwambia mbele ya wenzake, "Mama, wewe ukifika nyumbani huandiki. Unafanya uvivu."

Watu walicheka. Yeye hakunijibu. Aliokota penseli, akaifunga pamoja na daftari katika pindo la kanga, akaondoka. Wiki ile hakuja tena. Wiki ya pili pia hakuja.

Nikaenda nyumbani kwake. Nilimkuta barazani na wenzake wanne, wanabangua korosho. Viwanda vikubwa vya kubangua vilijengwa Masasi na Newala kuanzia miaka ya 1970. Hata hivyo, akina mama wengi bado hubangua kwa mikono majumbani na katika vikundi vyao. Huweka korosho iliyokaangwa juu ya jiwe, huigonga kwa rungu dogo, kisha huitoa punje bila kuivunja. Punje nzima ina bei nzuri kuliko iliyovunjika.

Nikaamkia, nikapewa kigoda. Nikatazama saa yangu. Kwa dakika moja yule mama aligonga mara 24. Hebu tufanye hesabu pamoja. Saa moja ina dakika 60. Zidisha 24 kwa 60, utapata 1,440. Akifanya kazi kwa saa tano, mkono wake umegonga mara 7,200. Na kabla ya hapo, asubuhi, mkono huohuo umelima, umeteka maji na umetwanga muhogo.

Nikamwuliza kwa nini haji darasani. Akasema, "Mwalimu, sikuacha kwa uvivu. Vidole hivi vitatu havijui tena kama vimeshika kitu. Usiku mkono unaniamsha. Unawaka moto, halafu unakufa ganzi. Nakaa kitandani naukung'uta mpaka jogoo anawika."

Majirani walikuwa wamemwambia kwamba ametupiwa kitu. Alikwisha kuuza kuku wawili ili apigwe chale. Mkono haukupona.

Kisha akasema neno ambalo silisahau. "Nilitaka nitie sahihi yangu kwenye malipo ya korosho. Nimechoka kuchovya kidole gumba kwenye wino. Sasa hata kidole chenyewe hakina hisia."

Nikamwomba radhi palepale, mbele ya wenzake. Nilikuwa nimemwaibisha mbele ya watu, basi ilifaa nimwombe radhi mbele ya watu. Kesho yake tukaenda zahanati.

Mganga wa zahanati alimwuliza maswali mawili. Ni vidole gani vinakufa ganzi? Ni wakati gani? Akajibu kwamba ni kidole gumba, cha shahada na cha kati, na kwamba huzidi usiku. Kidole cha mwisho hakikuwa na tatizo. Mganga akamwambia akunje viganja vyake kwa ndani na kuvishikilia hivyo kwa dakika moja. Kabla ya dakika kwisha, ganzi ikaja.

Mganga akatueleza hivi. Ndani ya kifundo cha mkono kuna njia nyembamba. Humo hupita kano tisa. Kano ni kama kamba, nazo ndizo zinazokunja vidole. Pamoja na kano hupita mshipa mmoja wa fahamu. Mshipa huo hupeleka hisia katika kidole gumba, cha shahada, cha kati, na nusu ya kidole cha pete. Mkono ukirudia kazi ileile kwa muda mrefu bila kupumzika, sehemu zilizomo ndani ya njia ile huvimba. Lakini njia yenyewe haipanuki. Basi mshipa wa fahamu unabanwa. Usiku tunalala tumekunja viganja, nao hubanwa zaidi. Ndiyo sababu ya ganzi ile.

Maradhi ya namna hii si ya kwetu peke yetu, wala si mapya. Mwaka 1713 daktari mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika juu ya makarani walioumwa mikono kwa kushika kalamu kutwa. Alisema kwamba sababu moja ni mkono kurudia jambo lilelile bila kupumzika. Kama kalamu nyepesi inaweza kuumiza mkono, sembuse rungu, jembe na mchi?

Kuna maumivu mengine ya kazi. Mwenye kutwanga, kukamua nguo au kubeba mtoto mara nyingi huumwa kwenye shina la kidole gumba. Mwenye kulima anaweza kuumwa upande wa nje wa kiwiko. Wachonga vinyago nao wanayajua maumivu haya, kwa sababu mpingo ni mti mgumu. Mzee mmoja mchongaji aliniambia, "Tezo ikiwa butu, mkono ndio unaolipa." Yeye hunoa tezo yake kila asubuhi. Akichoka kuchonga, huchukua msasa na kusugua. Kazi haisimami, lakini mkono unabadili mwendo.

Nilipeleka maneno ya mzee yule kwenye kikundi cha kubangua. Pamoja na mashauri ya mganga, tukapatana mambo haya. Hata wewe unaweza kuyafanya.

Kwanza, pumzika kabla ya kuumia. Kila baada ya nusu saa weka kifaa chini kwa dakika chache. Nyosha vidole, fungua na kufumba kiganja polepole.

Pili, badilishaneni kazi. Wawili wagonge, wawili wamenye ngozi, mmoja achambue. Baada ya muda mpokezane.

Tatu, nenepesha mpini. Mpini mwembamba hulazimisha vidole kukaza sana. Uzungushie kitambaa au mpira wa ndani wa baiskeli. Shika kwa nguvu inayotosha tu.

Nne, weka kifundo cha mkono kimenyooka wakati wa kazi. Usikikunje kwenda chini wala juu. Panga jiwe na kigoda chako vizuri ili usiinue mabega.

Tano, noa vifaa. Jembe butu, kisu butu na tezo butu hula nguvu za mkono.

Sita, wakati wa kulala weka kipande laini cha mti mwembamba au boksi gumu chini ya kifundo, kisha funga kwa kitambaa ili mkono ukae umenyooka. Usikaze. Vidole vikibadilika rangi au vikiwa baridi, fungua mara moja.

Dawa za kutuliza maumivu hupunguza uchungu kwa muda, lakini haziondoi chanzo. Usizimeze kila siku bila ushauri. Zinaweza kudhuru tumbo na figo.

Sasa nisikilize vizuri, ndugu. Si kila ganzi hutokana na kazi. Kisukari huweza kuleta ganzi. Mama mjamzito naye huweza kuipata. Ukoma pia huanza kwa ganzi, na pengine kwa baka lisilo na hisia. Ukoma hupona kwa dawa, na dawa zake hutolewa bure. Kwa hiyo usijipime mwenyewe. Nenda zahanati ikiwa ganzi haiishi, ikiwa vitu vinakuponyoka, au ikiwa nyama iliyo chini ya kidole gumba inapungua. Mkono ukiwa mwekundu, umevimba na una joto, nenda siku hiyohiyo. Mtu ambaye mshipa wake umebanwa sana huweza kufanyiwa upasuaji mdogo hospitalini, njia ile ikapanuliwa. Na mkono wenye ganzi uuepushe na moto, kwa sababu unaweza kuungua bila wewe kujua.

Yule mama alirudi darasani baada ya wiki tatu. Tuliizungushia penseli yake kitambaa mpaka ikawa nene kama kidole. Baada ya miezi miwili alikuwa akilala usiku kucha. Lakini ncha za vidole viwili bado zina ganzi kidogo. Mganga alisema kwamba alichelewa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeye alichelewa kwa sababu ya chale, na mimi nilimchelewesha zaidi kwa maneno yangu. Aliponiona mara ya kwanza ameangusha penseli, ilinipasa nimwulize. Mimi nilimhukumu.

Msimu ule kikundi chao kilipolipwa, nilikuwapo. Karani alimsogezea kibweta cha wino kama ilivyokuwa desturi. Yeye akakisukuma pembeni. Akatoa kalamu yake iliyofungwa kitambaa. Aliandika polepole sana. Watu waliokuwa nyuma yake walianza kunung'unika, lakini hakuharakisha mkono wake. Alipomaliza, jina lake lote lilikuwa juu ya mstari.

Tujadiliane

1. Katika kijiji chetu, ni kazi zipi zinazorudia mwendo mmoja wa mkono kwa muda mrefu?
2. Piga hesabu: ukitwanga mara 30 kwa dakika moja, utakuwa umetwanga mara ngapi kwa dakika 20?
3. Je, tunaweza kupokezana kazi gani nyumbani ili mkono wa mtu mmoja usiumie?