Shirika Lisilo na Ndege

Katika maisha yangu nimepanda ndege mara nne tu, na mara zote nne nilikuwa abiria, tena wa viti vya nyuma. Lakini daftari langu la urubani, lenye jalada gumu la buluu, limekwisha kujaa hadi saa 1,140. Nimetua Amsterdam, Addis Ababa, Johannesburg na Bombay bila ya kutoka nje ya chumba changu hapa Tanga. Watu wakiniuliza nafanya nini baada ya kustaafu ukarani, huwajibu kwamba nafanyia kazi shirika la ndege ambalo halina ndege hata moja, halina abiria, halilipi mshahara, na ambalo mkuu wake sijapata kumwona kwa macho. Wengi hucheka. Shemeji yangu mmoja hakucheka. Alinitazama kwa huruma, kama atazamwavyo mtu mzima aliyekutwa akisukuma gari la mabati.

Basi msomaji naye ana haki ya kuelezwa. Programu za kuigiza urukaji wa ndege katika kompyuta ni za zamani. Kampuni ya Microsoft ilitoa yake ya kwanza mwaka 1982. Kwa muda mrefu mtu aliruka peke yake katika mbingu tupu. Ilipoenea intaneti, watu wakatafuta njia ya kukutana humo. Mwaka 1997 kilianza chama kilichoitwa SATCO, mwaka 1998 kikazaliwa kingine, IVAO, na mwaka 2001 ukaja mtandao wa VATSIM, ambao ndio niliomo mimi. Kompyuta yangu hupeleka habari za mahali nilipo, kimo changu na mwendo wangu. Kompyuta za wenzangu hufanya vivyo hivyo, nasi tukaonana. Mahali pengine duniani mtu ameketi mbele ya kioo chenye alama zetu zote, naye hutuongoza kwa redio kama waongoza ndege wa kweli. Hakuna anayelipwa. Yule mwongoza ndege amesoma na kutahiniwa kwa miezi mingi, akaanzia ngazi ya chini, ili aruhusiwe kutoa jioni zake bure kwa wageni.

Na ndani ya mitandao hiyo wapo watu waliojiundia mashirika. La kwetu lina makao Ulaya, na mkuu wa marubani wake ni dereva wa basi. Nilipoomba kujiunga nilijaza fomu, nikafanya mtihani, nikapewa namba na ndege ndogo ya mapanga. Vyeo hupanda kwa saa. Ni lazima kuruka angalau safari moja kila mwezi, la sivyo jina lako linafutwa. Kila safari hurekodiwa na programu isiyojua upendeleo: mafuta uliyobeba, wakati ulioshusha magurudumu, na hasa kasi ya kushuka pale matairi yanapogusa lami. Futi 150 kwa dakika ni kutua kwa adabu. Ukizidi 600 shirika letu halikuhesabii saa zako, na dereva wa basi anakuandikia barua fupi ya kuuliza kama abiria wako wamepata daktari.

Abiria wenyewe hawapo. Hilo ndilo linalowashinda watu kuelewa.

Baba yangu alifanya kazi ya ufundi msaidizi katika East African Airways, shirika lililoanzishwa mwaka 1946 na kumilikiwa na Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika, shirika likafa, na mpaka baina ya Tanzania na Kenya ukafungwa mwaka huohuo. Baba akarudi Tanga na sanduku moja na kofia ya kazi. Nilikuwa na umri wa miaka tisa. Alikuwa akitusimulia habari za Super VC10, injini zake nne zimepangwa mkiani mbili mbili, na jinsi sauti yake ilivyotetemesha vyombo mezani ilipoondoka. Sikupata kumsikia akilaumu mtu. Lakini ndege ikipita juu ya nyumba yetu alinyamaza mpaka ipotee, hata kama alikuwa katikati ya neno.

Mimi nilikusudia urubani. Nikiwa na miaka ishirini nilipelekwa kupimwa, na daktari akanifungulia kitabu chenye kurasa za madoa ya rangi, akaniuliza ni tarakimu gani ninayoiona. Katika kurasa nyingi sikuona tarakimu yoyote. Niliona madoa. Macho yangu hayatenganishi vizuri nyekundu na kijani, na yalikuwa hivyo tangu kuzaliwa, wala hakuna miwani ya kuyatibu. Mambo yakaisha pale, kwa dakika zisizozidi kumi. Nikawa karani wa hesabu kwa miaka thelathini na moja, kazi ambayo wino wake ni mweusi.

Nayasema haya ili ieleweke kwamba sikuingia katika jambo hili kwa kutafuta burudani tu. Nilitaka kujua kama ningeweza. Na swali hilo, nikiri, programu peke yake haiwezi kulijibu, kwa kuwa programu haina la kupoteza. Ukiangusha ndege unabonyeza kitufe, inarudi nzima. Kinachobadilisha mambo ni kuwapo kwa watu wengine.

Mwanzoni niliogopa redio kuliko mlima. Lugha ya kukubaliana ni Kiingereza, nacho husemwa kwa mwendo wa cherehani. Mwongoza ndege anakutajia uelekeo, kimo, mwendo na masafa mapya kwa pumzi moja, nawe huna budi kumrudishia maneno yale yale, kwa mpangilio, ili ajue umesikia. Kwa wiki tatu nilifanya mazoezi jikoni. Mke wangu, aliyekuwa akikuna nazi, alihifadhi maneno yote kabla yangu, na nilipokwama alinikumbusha. Kuna njia ya wasioweza kusema: katika mpango wa safari unaweka alama kwamba unatumia maandishi, na mwongoza ndege atakuandikia badala ya kusema. Nimewahi kusikia masafa yenye zogo yakitulia ghafla kwa sababu mwongozaji alikuwa akimwandikia rubani mmoja asiyesikia kabisa. Sote tulingoja. Hakuna aliyenung'unika.

Kuna na jambo la saa. Marubani wote huhesabu kwa saa ya Greenwich, waiitayo Zulu. Kwa hiyo ukutani kwangu ni saa tatu usiku, kompyuta inaandika 21, na ratiba ya shirika inasema 18. Mke wangu huuliza, "Leo unaruka saa ngapi ya watu?"

Jumamosi moja nilipangiwa kutoka Amsterdam kwenda Heathrow, na London ilikuwa imejaa waongozaji toka ardhini hadi angani. Tukazuiwa juu ya Lambourne, mahali ambapo ndege za London husubiri zikizunguka, moja juu ya nyingine, zimetenganishwa kwa futi 1,000. Niliwaona juu yangu na chini yangu, taa zao zikipepesa. Nilihesabu sita. Kila tulipoteremshwa ngazi moja nilijua kwamba chini yangu mtu amepisha, na aliye juu ananitegemea nami nipishe. Yule mwongozaji hakujua kwamba naishi Tanga, wala kwamba macho yangu yana kasoro. Alijua tu kwamba akinipa kimo nitakishika. Nilipotua, kwa futi 170, mikono ilikuwa imelowa jasho hata kipanya kikateleza.

Je, huo ulikuwa mchezo? Sijui neno jingine la kuuita. Lakini ndondo za Jumapili nazo ni mchezo, na sijaona mlinda mlango akiacha goli akanunue maji. Kanuni za VATSIM zinakataza kuiacha ndege yako bila mtu kwa zaidi ya dakika thelathini. Kutumia namba 7500, ambayo kwa marubani wa kweli ni ishara ya kutekwa nyara, ni marufuku kabisa, na utani wa aina hiyo humtoa mtu nje. Nadhani mtandao usingedumu zaidi ya miaka ishirini bila ukali huo.

Nikiruka kwetu mambo ni tofauti. Naondoka Dar es Salaam kwenda Mwanza au Entebbe, na masafa ni kimya. Hakuna mnara uliofunguliwa, hakuna mwenzangu. Kanuni inasema pasipo na mwongozaji, rubani atangaze nia yake kwenye 122.8 ili aliye karibu ajue. Basi natangaze: naingia njia ya kurukia, napita kimo fulani, nakaribia Kilimanjaro. Nasema na hewa. Tangu mwaka 2019 sauti ya mtandao huu imetengenezwa ifuate umbali, aliye mbali husikika kwa mikwaruzo na akizidi kwenda hupotea. Mimi sikupata hata mikwaruzo.

Siku za mwanzo upweke huo ulinichoma, nikauona kama dharau ya dunia kwa mbingu yetu. Baadaye nilisoma kwamba marubani wa kweli nao, wanapovuka sehemu kubwa za Afrika, wana utaratibu wa kutangaza mahali walipo katika masafa ya 126.9, rubani akiwaambia marubani wenziwe, kwa sababu mawasiliano na walio chini hayategemeki kila mahali. Nikafarijika kwa namna isiyofaa kuelezwa sana. Nami nilikuwa nafanya kama wafanyavyo wao.

Kisha usiku mmoja, nikitoka Dar kwenda Nairobi, Kilimanjaro ukiwa kushoto kwangu gizani, kioo kiliandika kwamba kuna mwongozaji ananiomba niingie masafa yake. Nairobi imefunguliwa! Nilivuta kiti. Sauti ilikuwa ya kijana, yenye kusitasita, na Kiingereza chake kilikuwa kimepangwa kama changu, neno kwa neno, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Akaniteremsha vizuri, akanikabidhi njia ya 06, nikatua kwa futi 140, na hiyo mpaka leo ni katika tano zangu bora. Nilipoegesha, ukaja ujumbe wa maandishi: "Shikamoo mzee."

Nikamwandikia, "Marahaba mwanangu. Umejuaje kama mimi ni mzee?"

Akajibu kwamba ameitambua sauti ya mtu mzima, na lafudhi ya kwetu pwani. Yeye ni mzaliwa wa Mombasa, mwanafunzi wa chuo, na mimi nilikuwa ndege yake ya pili jioni ile. Ya kwanza ilikuwa ya Mreno aliyekatika njiani.

Kumbe shida yake ilikuwa kubwa kuliko yangu. Rubani anaweza kuruka katika mbingu tupu, lakini mwongoza ndege bila ndege hana kazi, na asipopata ndege za kutosha hawezi kufanya mazoezi ya kumpandisha ngazi. Alikuwa akifungua kituo chake kila Alhamisi, anakaa saa mbili mbele ya kioo kisicho na alama, anafunga, analala. Nilimwandikia dereva wa basi. Shirika letu tangu hapo limeweka safari tatu za Alhamisi kuelekea Nairobi, na wapo Mholanzi mmoja na mama mmoja wa Kanada ambao sasa huijua njia ya Dar kuliko baadhi ya jamaa zangu. Mimi sikosi. Nimekwisha kukataa mwaliko wa chakula cha arusi kwa sababu ya Alhamisi, na shemeji yangu yule hajanisamehe.

Wakati mwingine naondoka na VC10, kwani wapo watu walioitengeneza upya kwa ajili ya kompyuta, kwa subira ya ajabu, hadi vitasa. Naendelea na programu kongwe ya mwaka 2006. Ile ya mwaka 2020 huvuta picha za dunia kupitia intaneti huku unaruka, na kwa bei ya bando ningefilisika kabla ya kufika Dodoma. Mke wangu siku hizi huja kusimama mlangoni nikianza kuteremka. Anadai anakuja kuuliza kama nitakunywa chai.

Alhamisi iliyopita mvua ilinyesha sana. Nilikuwa nimebakiza maili ishirini kufika Nairobi, ndege ya Mholanzi iko mbele yangu, kijana amenipa uelekeo wa mwisho, umeme ukakatika. Betri ya akiba nayo imechoka siku nyingi. Chumba kikawa giza, na kule kwake, najua, alama yangu ikatoweka kwenye kioo bila ya neno. Nikapapasa simu, nikamwandikia kwamba ni umeme tu, nipo.

Jibu lilikuja mke wangu akiwa bado anatafuta kibiriti. "Pole sana mzee. Nimeshamwambia Mholanzi asikusubiri. Alhamisi ijayo nakuanzisha palepale, maili ishirini, kimo kilekile."

Nikamsomea mke wangu. Akawasha taa ya mafuta, akaiweka juu ya meza kando ya kompyuta, akauliza nimebakiza mafuta kiasi gani kwenye ndege.

"Ya kutosha," nikamwambia. "Tani nne."