Rwamagana: Nyabugogo au Remera?



Mama yangu mzazi yuko Rwamagana, kilomita 50 hivi mashariki ya Kigali. Kila Jumamosi hali chakula mpaka nifike.

Kutoka hapa Rwezamenyo, Remera iko upande wa safari, lakini basi huweza kufika pale limeshajaa. Kwenda Nyabugogo ni kama kurudi nyuma, ila basi linaanzia hapo: nakata tiketi yenye saa, napata kiti. Mwenye kusubiriwa na mzazi achague njia ya uhakika, si ya mkato.

Na Adhuhuri usiipunguze: kwa wanazuoni wengi, safari ya kupunguza swala huanzia kilomita 80 hivi.