Mstari Uliopotea Njiani

Kiini cha mfumo wa Linux, ambacho Linus Torvalds alianza kukitoa mwaka 1991, huamka bila kujua mafaili yake yako kwenye kadi ipi, wala sehemu ipi ya kadi. Lazima kiambiwe. Kazi hiyo ni ya programu ndogo inayokitangulia: hukipakia, hukikabidhi mstari mmoja wa vigezo, kisha hujiondoa. Mstari huo ukipotea, kiini huamka kizima na kufa baada ya sekunde chache.

Ndivyo ilivyokuwa katika shule moja ya sekondari huku juu Kibosho. Raspberry Pi yao, kompyuta inayoenea kiganjani, hubeba Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wasio na intaneti. "Frateri, mashine imekufa," mwalimu alinipigia simu. Alikuwa tayari kufuta kadi yote aanze upya, lakini humo mlikuwa na maswali na majibu ambayo kidato cha nne wameyaandaa wenyewe kwa ajili ya mtihani wa Novemba, na hayakuwa na nakala.

Fundi mmoja alikuwa ameweka U-Boot, kwa nia njema, ili sasisho likiharibika mashine irudi yenyewe kwenye mfumo wa zamani. Mwalimu alinionyesha faili la cmdline.txt: vigezo vyote vimo, sawasawa. Ni kweli. Ila hapo tulikuwa tunatazama banio la mfongo, si kihamba. Wazee wetu huku mlimani, maji yasipofika shambani, hawabaki kuusifu mto kwamba umejaa, wanaufuata mfongo.

Tukaanzia chini. Tuliunganisha waya kwenye pini za mashine, tukasoma kwenye laptop. Kiini huchapa mapema mstari kilioupokea. Ulikuwa mtupu.

Darasani tunasoma kwa Mtakatifu Thoma wa Akwino kwamba kinachopokelewa hupokelewa kwa namna ya mpokeaji. Sawa, lakini kwanza kifike!

Tobo lilikuwa katikati. Kwenye Raspberry Pi, programu inayoitangulia U-Boot husoma cmdline.txt na kuyatia maneno yake ndani ya jedwali linaloeleza vifaa vya mashine. U-Boot ingelipitisha jedwali hilohilo, yangefika. Hati ya fundi ilipakia jedwali jingine kutoka kwenye kadi, safi, lisilo na neno lolote. Kila hatua ilifanikiwa, ndiyo maana hapakuwa na onyo lolote hadi mwisho.

Tungeweza kuandika vigezo ndani ya U-Boot yenyewe, lakini vingekaa mahali pawili, na siku moja vingepingana. Tukaifanya hati ipitishe jedwali lililopokelewa. Mashine ikawaka.

Kabla ya kuteremka tulinakili kazi za wanafunzi kwenye flashi. Mwalimu akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo.